Kituo cha QT Mbagala: miaka miwili yangu, nyota 3, na stori ya mkeka

Habari zenu wadau. Kila wiki naona mtu anauliza kituo kizuri cha QT na kurisiti (kurudia mtihani) upande huu wa Mbagala halafu majibu yote ni "njoo inboksi", mara bango lenye picha za watu wamevaa majoho ambao nina uhakika Mbagala hawajawahi kukanyaga. Mimi sina ninachouza zaidi ya maharage na chapati, na hizo nauza asubuhi, kwa hiyo acha niseme nilichokiona. Nilisoma kituo kimoja kuanzia Januari 2023 mpaka nilipofanya pepa la kidato cha nne Novemba 2024. Jina silitaji, mwenye kituo ni jirani na sitaki maneno, ila waliosoma pale wakifika kwenye mkeka watajua tu ni wapi.

Kwa ambao hamjui, QT ndio Mtihani wa Maarifa, unatungwa na NECTA, Baraza la Mitihani, ni kwa mtu aliyemaliza la saba lakini sekondari hakusoma au aliishia njiani. Ukiufaulu ndio unaruhusiwa kufanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, namba yako inaanza na P, wale wa shuleni inaanza na S, tofauti ndio hiyo. Pepa linatungwa na NECTA na cheti kinatoka NECTA. Nalisema hili kwa sababu shangazi yangu mpaka leo anaamini kuna cheti cha kweli na kuna cha "kununua kwa mwezi".

Mimi niliishia kidato cha pili 2014. Mimba. Walitupanga foleni wasichana wote tukapimwa mkojo, jioni yake mama akaitwa shuleni, na hiyo ndio ilikuwa siku yangu ya mwisho kuvaa ile sketi. Mwanangu alizaliwa 2015. Halafu 2017 nikiwa bado najikusanya nimsikie rais mwenyewe, Magufuli, anasema hadharani kwamba yeye akiwa madarakani hakuna mwenye mimba atakayerudi shule. Redio ilikuwa inaongea dukani kwa Mpemba, nimetumwa sukari, nikaona watu wawili wameniangalia. Hawakusema kitu. Waliniangalia tu. Kwa hiyo Novemba 2021 wizara ilipotangaza kwamba wanarudi, ukatoka na waraka kabisa, mimi nilishakuwa mama wa mtoto wa miaka sita, sare ya nani tena. Nikabaki na hizi njia za pembeni.

Haya, kituo chenyewe.

Ni madarasa matatu ya mabati, feni moja ambayo iko darasa la watoto wa tuisheni, viti vya plastiki, ubao mweupe wa kufutika na kalamu zake zinaisha wino kila siku. Kuandikishwa nililipa 20,000, kila mwezi 35,000, ada ya NECTA unalipa mwenyewe pembeni kwa kontroo namba, ile namba ya malipo ya serikali. Hapo niwasifu: ile ada ya mtihani hawaigusi, wanakupa kontroo namba unalipa mwenyewe kwenye simu. Nimesikia vituo vingine mtu anatoa hela mkononi, Novemba inafika jina halipo. Mjue usajili unafunguliwa mapema mwanzo wa mwaka na ukichelewa kuna faini, kwa hiyo ukiambiwa Mei "tutakuweka tu" kimbia.

Masomo ni ya sanaa na bailojia. Fizikia na kemia hawana, maabara hamna, walisema ukweli toka siku ya kwanza, sina lawama.

Walimu ni vijana waliomaliza chuo wanasubiri ajira za serikali. Hii ina uzuri na ubaya. Uzuri wana moto, hawajachoka, wanajua mtihani unaulizaje. Ubaya ajira zikitoka wanaondoka, na huwezi kumlaumu mtu kwa kupata kazi. Ticha wetu wa hesabu alipangiwa mkoa wa mbali huko katikati ya mwaka, Ijumaa alitufundisha logariti, Jumatatu hayupo. Tulikaa wiki 5 bila hesabu na ada ya mwezi tukalipa ile ile, tulipouliza tukaambiwa "mjisomee pasti pepa". Kwa hiyo F yangu ya hesabu, sehemu ni yangu na sehemu ni ya mkurugenzi, tugawane.

Ila kuna kijana wa bailojia yule, Mungu ampe maisha marefu. Kwanza salamu. Darasani tulikuwa na mama mmoja wa miaka 40 na kitu, huyu ticha hata 25 nadhani alikuwa hajafika, akiingia anaanza na "shikamoo mama", mama anaitikia "marahaba mwanangu", halafu sisi wengine tunasimama tunamuamkia yeye ticha, ndio kipindi kinaanza. Inaweza kuonekana kitu kidogo. Jaribu kufundishwa na mwenzie wa historia ambaye akiingia anasema "haya nyie mliofeli maisha, fungueni madaftari", utani eti, anacheka peke yake. Kwenye kipindi chake yule mama alikuwa haulizi swali hata moja mwaka mzima. Kwa bailojia anauliza mpaka ticha anachoka.

Na ndio yeye alinifanya nielewe kwamba mimi sio mjinga. Tulifika kwenye osmosisi, notsi za kiingereza, maneno marefu, sielewi, nataka kulia kabisa. Akaniambia dada wewe si unauza maharage, ukiyaloweka usiku asubuhi yanakuwaje? Nikasema yamevimba. Maji yameingiaje? Nikaanza kueleza mwenyewe, darasa zima kimya, nimemaliza akasema ndio hiyo hiyo, umeisoma miaka minane jikoni. Shida ni kwamba kwenye pepa maharage yangu lazima yaongee kiingereza. Sisi tumesoma msingi kwa kiswahili, ukifika sekondari kila kitu kinageuka, yule aliyetoka shule ya ingilishi midiamu anateleza tu, wewe unatafsiri kwanza kichwani ndio ufikirie jibu, na saa inakimbia. Kituo hakina kipindi cha kutusaidia kiingereza zaidi ya somo lenyewe la kawaida. Wangeweka hata saa moja Jumamosi nawaambia matokeo yangebadilika.

Sasa nije kwenye vitu ambavyo havipo kwenye bango.

Muda wa sisi watu wazima ni saa 10 jioni mpaka saa 1 usiku. Mchana madarasa wanakaa watoto wa tuisheni kwa sababu wanalipa kwa siku na ni wengi. Kutoka pale mpaka stendi kuna uchochoro hauna taa hata moja. Tukamfuata mkurugenzi wanawake kama nane, tukaomba hata siku mbili kwa wiki tuanze saa 8, tukajibiwa "mtu mwenye nia hawezi kuogopa giza". Baba wa watu ana gari. Tulichofanya tukawa tunatembea kwa kundi mpaka barabarani, na kuna mwenzetu wa kiume dereva boda alikuwa anawasha taa ya pikipiki anatutangulia polepole kama msafara wa waziri, tulikuwa tunacheka sana jamani.

Huyo wa boda yeye alitolewa shule kwa kufeli kidato cha pili, akakariri, akafeli tena, sheria ikamtoa. Tulikuwa tunapita naye kijiwe kile kile, njia ile ile, madaftari yale yale. Yeye wanamwita "msomi", wanampa tano. Mimi wananiambia "ngumbaru hiyo inapita, mtoto umemuachia nani?" Kila siku. Mtoto umemuachia nani. Yeye ana watoto wawili, hakuna siku hata moja ameulizwa.

Na hilo neno ngumbaru lenyewe limeonewa. Bibi yangu alisoma ngumbaru enzi za Mwalimu, ule mwaka 1970 uliotangazwa wa elimu ya watu wazima, alijifunza kuandika jina lake na mpaka anakufa hakukubali kuweka dole gumba mahali popote, anasema leteni kalamu. Kwao lilikuwa jambo la kuringia. Sijui lini limegeuka tusi.

Nyumbani nako. Naishi kwa mama mdogo, na yeye hakuwahi kunikataza kusoma, ila siku za kipindi ndio siku ambazo ghafla maji yamekatika, mgeni anakuja, dawa zake zimeisha. Sisemi alifanya makusudi. Nadhani alikuwa anaogopa nitaaibika mara ya pili na yeye ndio alinisimamia ile ya kwanza. Dada mmoja wa kazi za ndani bosi wake alimruhusu Jumatatu na Jumatano tu, akawa anakosa kiswahili na civiki zote, ananakili daftari langu kwenye daladala amesimama. Nauli tulikuwa tunalipa ya mtu mzima, ile 200 ya mwanafunzi ilikuwa ya wenye sare, na hao wenye sare wenyewe mnaona makonda wanavyowafanyia asubuhi, gari inasogezwa mbele wasipande.

Basi hapo ndio mkeka unaingia. Namaanisha mkeka wa kukalia, sio ule wa kubeti.

Pale kituoni kulikuwa na dada wa usafi, mtu wa Rufiji, mpole. Nyuma ya darasa la tatu kulikuwa na kichumba cha kuwekea viti vibovu. Mwaka 2023 mmoja wetu alikuja na mtoto wa mwaka mmoja mgongoni kwa sababu jirani amegoma kumshika, mtoto akalia kipindi kizima, ticha wa historia akamwambia chagua shule au kulea. Yule dada wa usafi hakusema kitu, kesho yake tukakuta viti vimepangwa pembeni, kafagia, katandika mkeka wake mwenyewe wa ukindu aliotoka nao kwao, na anakaa pale na watoto mpaka saa 1. Hakuna aliyemtuma. Sisi tukawa tunachangishana 500 kila mwenye mtoto, ukikosa unaleta chapati. Siku mama mdogo akisafiri na mimi namleta wangu, anafanyia homuweki pale pale kwenye mkeka, na kuna siku nilimkuta anawafundisha wadogo kusoma a e i o u kwa sauti ya mwalimu wake, kashika na kijiti kabisa.

Nawaambia ukweli, mahudhurio ya wanawake mwaka ule yalishikwa na ule mkeka. Tulianza wenye watoto wadogo 9, Novemba tukaingia kwenye QT 8. Yule mmoja alihamia Lindi.

2024 mkurugenzi akaleta mashine ya kudurufu. Akahitaji chumba. Kichumba kikawa steshenari, kopi 100 kwa karatasi, dada wa usafi akaambiwa arudi kwenye ufagio. Kufika Agosti, kwa wale tuliokuwa tumeanza pamoja, wanne walishaacha. Hakuna aliyefukuzwa, hakuna aliyefeli, ada walikuwa wanalipa. Mmoja nilikutana naye Rangi Tatu anauza ndizi nikamuuliza vipi, akanijibu "aah mwaya, akili yangu nzito". Akili nzito! Mtu aliyekuwa ananielekeza mimi ramani ya jiografia. Hakusema nimekosa pa kumuacha mtoto, alisema akili. Hiyo iliniuma kuliko yote, kwamba mtu ananyang'anywa mkeka halafu anajilaumu kichwa.

Kwa hiyo mkienda kuulizia kituo chochote msiulize "mmefaulisha wangapi", wote watakutajia namba nzuri. Nenda mwezi wa 6 au wa 7, kaa nje saa 10, hesabu wanaoingia, halafu omba rejista ya Januari uone walikuwa wangapi. Wakikataa kukuonyesha umeshajibiwa.

Jambo jingine ambalo ndio limenifanya nipunguze nyota kwa hasira. Mwaka jana alikuja binti na mama yake, miaka 15 au 16, ametoka kujifungua, dada wa mapokezi akamwandikisha chapchap, 20,000 mezani. Hakuna aliyewaambia kwamba binti wa umri ule anaweza kurudi shule yake ya serikali au akahamishiwa nyingine, ule waraka namba 2 wa 2021 ndio unasema, na shule ya serikali ada haipo toka 2016 (michango ni stori nyingine haya). Na akiona aibu kurudi na sare kulikuwa na ule mradi wa serikali wa kuboresha sekondari, SEQUIP, kupitia Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, mabinti waliokatishwa masomo walikuwa wanasoma bure. Bure! Mimi ndio niliwafuata nje nikawaambia, mama yake akaniangalia kama nataka kumtapeli, anasema "lakini walimu watamsema". Sikuwa na jibu, kwa sababu ni kweli wanaweza kumsema, mimi nilisemwa. Nikamwambia mama, akisemwa bure ni afadhali kuliko kusemwa kwa 35,000 kwa mwezi. Akacheka kidogo. Walipoelekea sikujua.

Najua kituo ni biashara na mimi pia nafanya biashara, ila mteja akija kununua maharage na mimi najua jirani anayagawa bure kwa mtu kama yeye, nimwambie tu, kesho atarudi kwa chapati.

Matokeo yangu sasa, maana najua mtauliza. QT nilifaulu. Kidato cha nne nimepata divisheni 4, kiswahili C, civiki D, bailojia D, historia D, hesabu tumeshaongea. Wapo watakaocheka divisheni 4, wacheke, kwa vyuo vilivyo chini ya NACTVET, baraza la elimu ya ufundi, kozi nyingi za ngazi ya cheti wanataka ufaulu wa masomo manne, dini haihesabiwi, na mimi ninayo manne kamili hakuna hata moja la ziada. Siku matokeo yanatoka mwanangu ndio aliyefungua kwenye simu kwa sababu mimi mikono ilikuwa ina unga na inatetemeka, akasoma namba yangu, akanyamaza, nikajua nimekufa, kumbe alikuwa anahesabu herufi. Halafu akaniuliza "mama D ni nzuri?" Nikamwambia kwa leo ni nzuri sana, kwako wewe sitaki kuiona. Mama mdogo alienda chumbani, akatoka na doti ya kanga mpya akanirushia mabegani, hakusema kitu, akarudi zake jikoni. Maji siku hiyo hayakukatika.

Nyota basi. Walimu 4, yule wa bailojia nampa 5 peke yake na wa historia abaki na anazocheka nazo. Uaminifu wa hela za mtihani 5. Mazingira 2, ule uchochoro uko vile vile na feni bado iko kwa watoto. Kujali mtu anayesoma ana maisha gani nje ya lile geti, 2023 ningewapa 4 na zote zingekuwa za dada wa usafi, 2024 ni 1. Kwa ujumla naweka 3.

Nilipita pale wiki iliyopita kutoa kopi za cheti cha kuzaliwa, 100 kwa karatasi kama kawaida. Mashine imeharibika, imefunikwa kitambaa, dada wa steshenari ananiambia nenda ng'ambo. Kichumba kimekaa tu. Mkeka nimeuona umekunjwa umesimamishwa nyuma ya mlango, ule ule, una doa la uji pale pembeni. Mkurugenzi kama unasoma hapa, siku ukitandikwa tena nitarudi kubadilisha hizi nyota.